Moyoni na barazani: kwa nini maoni ya watu hubadilika ghafla?

Hebu fikiria baraza moja ya Wete au Chake Chake, baada ya alasiri. Watu wamekaa, kahawa inazunguka, mazungumzo ni siasa. Ukiwasikiliza utasema wote wana fikra moja. Lakini je, ulichokisikia ndicho kilichomo mioyoni mwao?

Wajapani wana maneno mawili kwa jambo hili: honne, yaani lile la moyoni, na tatemae, lile linalosemwa mbele za watu. Mchumi Timur Kuran aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1995. Hoja yake ni kwamba mtu akiona kusema ukweli kutamgharimu, husema kile ambacho wenzake wanataka kukisikia.

Mwaka huohuo Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964. Pemba, CUF ilichukua viti vyote vya Baraza la Wawakilishi. Uhasama uliofuata uliingia mpaka majumbani. Wapo waliosusiana maduka, harusi, hata mazishi. Sasa piga hesabu: kama kutofautiana na jirani maana yake ni kukosa mtu wa kukuzikia mzazi wako, si utanyamaza tu?

Hapa ndipo anapoingia mwanasosholojia Mark Granovetter. Mwaka 1978 alisema kila mtu ana kizingiti chake: idadi ya watu anaotaka kuwaona wametangulia kabla na yeye hajajitokeza. Chukua watu 100. Wa kwanza hamsubiri yeyote, wa pili anasubiri mmoja, wa tatu anasubiri wawili, na kuendelea. Wa kwanza akisimama, wote 100 watasimama. Sasa mbadilishe mtu mmoja tu: yule wa pili naye asubiri wawili. Basi, atasimama mtu mmoja na mambo yataishia hapo! Ukiwatazama kwa mbali, utaona jamii mbili tofauti kabisa, kumbe tofauti yao ni mtu mmoja.

Turudi kwetu. Tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu. Ndiyo yale Maridhiano. Viongozi wawili waliposhikana mikono, vizingiti vya watu wengi vilishuka kwa pamoja, kwa sababu kumsalimia wa chama kingine hakukuwa tena usaliti. Julai 31, 2010, asilimia 66.4 ya waliopiga kura ya maoni walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Je, watu walibadili vyama? Hata kidogo. Miezi mitatu baadaye Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 ya kura za urais, Maalim Seif 49.1. Mgawanyiko ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni namna ya kuishi na asiyekubaliana nawe.

Machi 2019 tuliona kinyume chake. Mahakama Kuu ilipomtambua Profesa Ibrahim Lipumba kuwa mwenyekiti wa CUF, Maalim Seif alihamia ACT-Wazalendo na kuwataka wafuasi wake washushe tanga na kupandisha jengine. Bendera zikabadilika kwa kasi ya ajabu. Mgeni angesema Wapemba wamebadili fikra. Wapi! Fikra zilibaki palepale, ila safari hii kila mtu alijua kuwa mwenzake naye kasikia, hivyo hakukuwa na sababu ya kumsubiri mwengine.

Kwa hiyo, mabadiliko ya ghafla mara nyingi ni ya kile kinachoonekana. Yaliyomo moyoni huenda polepole, au yalikuwepo zamani yakingoja nafasi.

Kwa sisi wanafunzi tunaobeba madodoso vijijini, hili si jambo dogo. Ukibisha hodi kwa watu, jiulize: nani mwengine anasikiliza? Jibu hili linaweza kumgharimu nini mwenye nyumba? Anadhani mimi nimetumwa na nani? Ukipata majibu 200 yanayofanana, huenda umepima maoni. Lakini pia huenda umepima woga, na woga ukiondoka, takwimu zako zitaondoka nao.