Sura ya 7: Maombi na Krizi Inayorudi

Ugonjwa wa SS, yaani selimundu, una tabia moja ambayo kila mhubiri wa Likasi, mji wetu wa Katanga, angepaswa kuijua kabla hajapanda mimbarani: krizi zake nyingi huisha zenyewe. Maumivu ya mifupa humshika mtoto usiku, humliza siku tatu, tano, pengine juma zima, kisha hulegea. Hulegea upesi zaidi akipewa maji na dawa, lakini mara nyingi hulegea hata asipopewa. Basi yeyote aliyemwekea mtoto mikono siku ya nne, siku ya sita ataonekana kuwa ndiye aliyemponya. Jumapili ushuhuda utatolewa, vigelegele vitapigwa, na mama atarudi nyumbani mtaa wa Kikula na furaha ya kweli. Baada ya majuma machache krizi inarudi, na mama huyo hana la kusema. Akisema mtoto ameugua tena, anaufanya ushuhuda wake kuwa uongo. Akinyamaza, anabaki peke yake na mtoto anayelia.

Ndiyo maana SS hupima imani kwa namna ambayo malaria au kuvunjika mguu haviwezi. Malaria huisha au huua. SS huenda na kurudi kwa miaka ishirini, thelathini, arobaini, na mgonjwa huzeeka nayo kama akitunzwa. Je, imani ipi inamfaa mtu wa namna hiyo?

Tuanze na damu yenyewe, kwa sababu makosa mengi ya kiroho juu ya ugonjwa huu hutokana na kutoijua. Chembe nyekundu za damu hubeba hewa ya oksijeni kwa kutumia hemoglobini. Kwa mwenye SS, sehemu moja ndogo sana ya hemoglobini imebadilika, na badiliko hilo linatosha. Akipungukiwa maji, akipigwa na baridi, akipata homa au akichoka kupita kiasi, chembe zake hupinda na kuwa ngumu, hukwama katika mishipa midogo, na mfupa au mapafu yaliyokosa damu huuma. Chembe za kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi hufa baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo sababu macho ya mtoto ni ya manjano na viganja vyake ni vyeupe. Wengu nao, ambao ni mlinzi dhidi ya vijidudu, huharibika mapema, na homa ambayo kwa mtoto mwingine ni jambo dogo inaweza kumuua mtoto wa SS kwa siku moja. Krizi huisha zenyewe, nimesema, ila zipo zisizoisha: homa kali, kifua kinachobana, weupe wa ghafla, mkono au mguu uliopooza. Hizo hazingoji mkesha wa maombi umalizike.

Kasoro hii hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja. Mwenye kuipata upande mmoja tu ni AS: haumwi, analima, anacheza mpira, hajui lolote. AS akioana na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS. Mimba haikumbuki iliyoitangulia. Watoto watatu wazima si dhamana kwa wa nne, wala SS wa kwanza hamkingi wa pili. Profesa Léon Tshilolo na wenzake walipima watoto wachanga 31,204 mjini Kinshasa, na matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha asilimia 1.4 wana SS na karibu asilimia 17 ni AS. Kwa uwiano huo, ibada ya watu mia moja ina watu kumi na saba wanaobeba AS huku wakiimba kwa afya njema.

Sasa mtazame mama. Yeye mzima, mumewe mzima. Mtoto amezaliwa mnono, kwa kuwa miezi ya kwanza damu ya mtoto bado ina hemoglobini ya tumboni inayomlinda. Anapokaribia miezi sita ulinzi ule unapungua, na asubuhi moja mikono na miguu imevimba, mtoto anapiga kelele akiguswa. Ugonjwa uliokuja hivyo, bila mgonjwa mwingine nyumbani, unaonekana umetumwa. Hakuna anayeuliza "nini?" Watu huuliza "nani?" Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyeishi miaka mingi Katanga na kuandika kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945, alieleza fikra hiyo: uhai ni nguvu, na nguvu ikipungua yuko aliyeipunguza. Mtu anaweza kubishana na Tempels kwa mengi, na wanafalsafa Waafrika wamebishana naye. Lakini swali la "nani" bado limekaa barazani Kikula. Ndugu wa mume humtazama mama. Mara nyingine mtoto mwenyewe ndiye anayeitwa mlozi, eti anakula damu yake na pesa za baba yake.

Jibu la kweli la "nani" ni mbu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye AS hukingwa kwa kiasi kikubwa asiuawe na malaria. Kwa hiyo katika nchi za malaria watu wa AS waliokoka utotoni, wakazaa, wakatuachia damu yao. Kile kinachomtesa mtoto wa SS leo ndicho kilichowaokoa babu na bibi zake. Hapakuwa na laana. Palikuwa na ngao ambayo ikirithiwa mara mbili inakuwa mzigo.

Jibu hili, kwamba hapakuwa na laana, Wakristo walikwisha kulipata kabla ya Allison, ila hawalihubiri vya kutosha. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana, wanafunzi wanamwona kipofu wa tangu kuzaliwa na kumuuliza Yesu aliyetenda dhambi ni nani, yeye au wazazi wake. Ni swali lilelile la Kikula, na limeulizwa juu ya ugonjwa wa kuzaliwa nao. Yesu anakataa majibu yote mawili. Nimesikia mahubiri mengi juu ya tope alilompaka machoni. Juu ya kukataa kule, machache. Kwa mzazi wa mtoto wa SS, kukataa kule ndiko habari njema, nayo inafika kwake hata kama mtoto haponi.

Tusisahau mahali penyewe. Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi 1966, ilijengwa na shaba ya Union Minière, kisha Gécamines. Mfanyakazi wa kampuni alikuwa na hospitali ya kampuni, na mke na watoto wake pia. Kikula ilikuwa site, mji wa watu weusi nje ya makambi ya kampuni, na wakazi wake wengi waliishi kwa biashara na vibarua. Kampuni ilipodidimia miaka ya 1990, na wafanyakazi kama 10,000 wakaondolewa kazini 2003 na 2004 kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, tofauti ya kambi na site ilipungua: wote wakawa watu wa kulipa taslimu kabla ya sindano. Mlango wa kanisa ukawa wazi kuliko mlango wa zahanati, na hapakuwa na malipo ya kuingia. Sadaka huja baadaye, na kwa wengine huja kubwa.

Na makanisa Katanga hayakosekani. Wamethodisti wana kituo chao cha zamani Mulungwishi, upande wa magharibi wa Likasi. Wapentekoste walitokana na Burton na Salter, Waingereza wawili walioanza kazi Mwanza ya Baluba mwaka 1915. Wakatoliki walipata harakati ya Jamaa, iliyozaliwa kwa Tempels huyohuyo Musonoi, Kolwezi, mwaka 1953, kati ya wachimba shaba na wake zao. Kisha yakaja makanisa ya uamsho, kila barabara na lake. Jamaa walifundisha maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Familia yenye mtoto wa SS imejeruhiwa katika mawili ya kwanza, maana uzima umepungua na uzazi wenyewe ndio ulioupitisha ugonjwa. Limebaki la tatu, na nadhani hapo ndipo imani ya mgonjwa wa kudumu inaposimama au kuanguka: je, atapendwa katika krizi ya thelathini kama alivyopendwa katika ya kwanza?

Kanisa linalojua uponyaji wa ghafla tu huchoka. Mara ya kwanza wanakuja watu ishirini kuomba. Mara ya tano wanakuja watatu. Mara ya kumi wanaanza kuuliza kama nyumba ile ina dhambi iliyofichwa, au kama mama ana imani. Hapo maombi yamegeuka mashtaka, na mashtaka yanadhuru mwili. Mwaka 2001 Kenneth Pargament na wenzake walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 596 wa Marekani wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Waliojiona wameachwa na Mungu, au walioamini kwamba shetani ndiye aliyewaletea ugonjwa, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka miwili iliyofuata, hata baada ya kuhesabu ukali wa ugonjwa. Wale walikuwa wazee wa nchi nyingine wenye maradhi mengine, na sitaki kuyavuta matokeo yao mpaka Kikula bila tahadhari. Lakini pasta anayemwambia msichana wa miaka kumi na sita kwamba maumivu yake ni pepo angepaswa kuujua utafiti huo.

Utafiti mwingine, mdogo, uliotolewa Marekani mwaka 2005, uliwahusu wenye SS wenyewe. Waliokwenda kanisani mara moja au zaidi kwa juma ndio waliotaja maumivu machache. Kusoma Biblia na kuomba faraghani hakukuonyesha tofauti kama hiyo. Huenda wenye maumivu machache ndio wanaoweza kutembea hadi kanisani. Mwenye busara atalikumbuka hilo. Mimi nauona mkono wa watu humo: kiti kinachojulikana ni cha nani, na mtu anayeuliza mbona leo kiko wazi.

Biblia, kwa bahati, imejaa wagonjwa wasioponywa, na watu wa SS wakiisoma wenyewe huwaona mapema kuliko wahubiri. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, hakuondolewa. Paulo huyohuyo aliyewaponya wengi alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo, mwanawe wa kiroho, alikuwa na tumbo la kuugua kila mara, na Paulo alimpa ushauri wa kinywaji. Hakumkemea kwa imani haba. Hezekia aliahidiwa na nabii Isaya miaka kumi na mitano zaidi, kisha nabii huyohuyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ya Mungu na dawa ya jipu vilitoka kinywani mwa mtu mmoja siku moja.

Mkate wa tini wa SS upo. Ni penisilini ya kila siku hadi miaka mitano, chanjo, asidi foliki, chandarua, maji mengi, na kwa wengi hidroksiurea, dawa ya zamani ya saratani ambayo huirudisha hemoglobini ile ya tumboni. Ililetwa katika majaribio Afrika kwa hofu, watu wakidhani itazidisha malaria. Majaribio yalifanyika Kilifi, Mbale, Luanda na Kinshasa, yakachapishwa mwishoni mwa 2018, na Tshilolo ndiye mwandishi wa kwanza. Krizi za maumivu zilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila watoto mia kwa mwaka, kuongezwa damu kutoka 43.3 hadi 14.2, vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Malaria nayo ilipungua kwa nusu. Kituo cha Kinshasa kilikuwa Monkole, hospitali iliyoanzishwa kwa moyo wa Opus Dei, ambako watu husali na kupima damu chini ya paa moja. Kidonge cha kila siku kwa maisha yote kinataka uvumilivu uleule unaotakiwa na sala ya kila siku, na aliyeizoea ya pili ana mafunzo ya ya kwanza.

Yapo mambo ambayo kanisa laweza kuyafanya bila fedha. Mwenye SS asifunge pasipo maji, hata mama pasta akiamuru; kukauka kwa damu ndiko kunakoita krizi. Asikeshe nje mwezi wa sita na wa saba, wakati usiku wa Likasi, mji ulioko mita kama 1,300 juu ya bahari, unapouma kwa baridi. Vijana wa kwaya wapimwe kundi la damu na majina yao yaandikwe, ili siku mtoto wa jirani atakapohitaji damu baba yake asizunguke mji akitafuta. Mashahidi wa Yehova hukataa damu, hilo ni lao. Kwa makanisa mengine yote, kuchangia damu ni sadaka halali. Na asiwepo mtu wa kumwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani. Aliyefanya hivyo akamzika mtoto amefanya kosa linalostahili kuitwa kwa jina lake, hata kama alilia msibani.

Kwa wewe pasta au katekista unayesoma: kabla hujatangaza ndoa, watume wachumba wote wawili wakapimwe elektroforezi ya hemoglobini, kipimo kinachoonyesha nani ni AS. Nigeria makanisa mengi yamekuwa yakidai cheti cha kipimo hicho kwa miaka. Usiwakataze AS wawili kuoana. Waeleze tu nafasi ile ya moja kati ya nne, mbele ya wazazi wa pande zote mbili, ili mtoto akizaliwa SS pasiwe na mtu wa kumtazama mama kwa jicho la ulozi. Na kama walikwisha kuoana na mtoto ameshaugua, nenda kawatembelee katika krizi ijayo, na ile itakayoifuata.