Mtoto Wetu na Elimu ya Ajira na Mahusiano ya Kazi

Ndugu msomaji, kila yatokapo matokeo ya kidato cha sita, wazazi wa milima hii ya Usambara hukaa na watoto wao kushauriana juu ya masomo ya chuo kikuu. Udaktari, ualimu na uhandisi hujulikana na kila mtu. Lakini mtoto asemapo kuwa ataka kusoma utawala wa rasilimali watu na mahusiano ya kazi, mzee hushangaa na kuuliza: hiyo ni elimu gani, na mtu atakula nini kwayo? Swali hilo ni la haki, kwani kwetu Lukozi ada ya chuo hutoka katika kabichi, karoti na viazi, wala si mali ya kuchezewa.

Elimu hii ni ile imhusuyo mwajiri na mwajiriwa. Mwanafunzi hufundishwa namna ya kuajiri watu bila ya upendeleo, kupanga mishahara, kupima utendaji wa kazi, kulinda usalama wa wafanyakazi, na khasa kusuluhisha ugomvi kwa mujibu wa sheria. Kwa kawaida shahada yake ni miaka mitatu.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni geni katika milima yetu. Mwaka 1907, katika utawala wa Kijerumani, wilaya hii iliyoitwa Wilhelmstal iliwekewa kadi za kazi. Kila mwanamume alilazimishwa kufanya kazi kwa mzungu siku 30 katika muda wa miezi minne, na asiyetimiza alitiwa katika kazi za serikali. Babu zetu hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Baadaye wafanyakazi walijiunga katika vyama, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, ambalo katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa. Kijana huyo, Mwislamu wa Songea, alikuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Kujua mambo ya wafanyakazi kulimfikisha mbali.

Sisi Waislamu tunao mfano mkubwa zaidi. Katika Suratul Qasas twasoma khabari ya Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan. Binti wa mzee yule alimshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Kisha mzee akaweka masharti wazi: muda wa miaka minane, na ikitimia kumi ni hiari ya Musa, wala hakutaka kumtaabisha. Humo mna uchaguzi wa mtumishi, mna mkataba, na mna huruma. Naye Mtume wetu (s.a.w.) alituusia kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Basi asomaye elimu hii hasomi jambo lililo mbali na dini yake.

Sasa tutazame hali ya leo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kuwa saa za kawaida za kazi zisipite 45 kwa wiki, kuwa likizo ya mwaka ni siku 28, na kuwa mama aliyejifungua apewe mapumziko ya siku 84 yenye malipo. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haajiriwi. Mwajiri naye apaswa kuyaandika masharti ya kazi. Ukitokea ugomvi na maandishi hayapo, ni juu yake kuthibitisha kilichokubaliwa.

Lakini ni wangapi wayajuao haya? Binti zetu hushuka kwenda Tanga na Dar es Salaam kutumika majumbani, na vijana huajiriwa katika mashamba ya chai na ya mkonge. Aliyefukuzwa kazi bila ya haki ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtu arudiye nyumbani akakaa miezi mitatu akimwachia Mungu bila ya kufanya jitihada, hukuta mlango umekwisha kufungwa, illa atoe sababu nzito ya kuchelewa. Hapo ndipo ionekanapo hasara ya kukosa mjuzi katika kijiji.

Mahali pa kusomea papo. Chuo Kikuu Mzumbe, karibu na Morogoro, kilianza mwaka 1953 kikiwa shule ya serikali za mitaa, nacho hufundisha utawala wa rasilimali watu. Chuo cha Ustawi wa Jamii cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1973, hufundisha pia mahusiano ya kazi. Asiye na uwezo na aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo, akijua kuwa mkopo ni deni, na deni hulipwa.

Hata hivyo, yatupasa kusema kweli. Waombaji wa kazi za ofisini ni wengi, na nafasi ni chache. Kwa hiyo mwanafunzi asitosheke na cheti. Ashike sana sheria za kazi na usuluhishi, na mafunzo ya vitendo asiyafanye mchezo. Tena ajue mtihani ulio mbele yake: atalipwa na tajiri, na huenda siku moja akaamrishwa kumnyima mnyonge haki yake kwa kalamu. Siku hiyo shahada haitamfaa kitu kama hana amana.

Wazazi wenzangu, mtoto akiichagua elimu hii msimcheke. Muulizeni kama ana subira ya kusikiliza pande mbili, na kama aweza kusema kweli mbele ya mkubwa. Akiwa na hayo mawili, mpelekeni, mkimwombea dua. Wabillahi tawfiq.