Mbatata za Urojo kwa Meza ya Ijumaa

Mama Kanisa, katika kanuni ya 1251 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa, anawataka waamini wajinyime nyama siku ya Ijumaa, isipokuwa inapoangukia sherehe. Sharti hilo huwahusu waliotimiza miaka 14. Mtakatifu Paulo VI, katika hati yake Paenitemini ya tarehe 17 Februari 1966, alifafanua kwamba katazo haligusi mayai wala maziwa. Samaki naye huruhusiwa. Hapo ndipo penye mtego kwa waamini wa Pemba: anayeacha nyama, kisha akala pweza wa nazi na chipsi zinazochuruzika mafuta, ametii andiko la sheria, lakini toba yake i wapi?

Kwa familia za Vitongoji, mashariki mwa mji wa Chake Chake, zinazokaribisha wageni saa nne asubuhi baada ya Misa, mbatata za urojo ni jibu lililo karibu. Gramu 100 za mbatata zilizochemshwa hazina hata nusu gramu ya mafuta. Zikikaangwa chipsi, uzito huohuo hubeba takriban gramu 15. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mzee aliyeonywa na daktari, ambaye aghalabu huketi pembeni akila chakula chake peke yake. Mwenye kisukari apime kiasi, kwani wanga ungalipo.

Kwa watu watano, kilo 1 ya mbatata ichemshwe na maganda yake, ili zisilowe maji, kisha imenywe na kukatwa vipande. Katika sufuria nyingine, kitunguu maji na thomu vichemshwe kwa maji, bila kukaangwa. Tia bizari ya manjano, chumvi na embe bichi lililokunwa. Vijiko viwili vikubwa vya unga wa ngano vikorogwe kwanza kwa maji baridi, la sivyo vitafanya madonge. Mimina taratibu huku ukikoroga hadi urojo uwe mzito. Mahali pa bajia, weka dengu zilizorowekwa usiku kucha na kuchemshwa zikalainika. Ndimu hukamuliwa mwisho, sufuria ikiwa imeepuliwa. Wapendao mbatata za nazi watumie tui jepesi. Kasimile ndilo lenye mafuta mengi.

Chakula hiki hakina kitu cha mnyama, hivyo jirani Mwislamu hukipokea bila shaka moyoni. Mwaka 2025 na 2026, Kwaresima na Ramadhani zilikwenda pamoja kwa majuma kadhaa. Katika kipindi kama hicho, meza ya saa nne itandikwe ndani kwa staha, na sufuria ya pili ipikwe alasiri, ipelekwe kwa jirani kabla ya magharibi. Urojo huzidi kuganda ukikaa. Uongezewe maji ya moto kidogo kabla ya kufunikwa.