SOMA KOPO KABLA YA KUNUNUA



Kila mtu hupenda kupendeza. Mtu akioga, akipaka mafuta na kuvaa nguo safi, hujisikia vizuri. Hilo si jambo la aibu. Bibi na babu zetu nao walijipamba. Lakini mafuta na krimu za dukani hazifanani zote. Nyingine hutunza ngozi. Nyingine huiharibu, tena kwa fedha zetu wenyewe.

Katika somo hili tutajifunza namna ya kuchagua vipodozi. Vipodozi ni vitu tunavyojipaka ili tuwe safi au tupendeze. Mafuta ya mwili ni kipodozi. Krimu, losheni, poda, sabuni ya kuogea, rangi ya midomo na dawa ya nywele pia ni vipodozi.

MAMA WA TANGAWIZI

Tuchukue mfano. Mama mmoja anaishi Mamba, juu katika milima ya Pare. Yeye ni mkulima wa tangawizi. Siku moja anateremka mpaka Same mjini kuuza tangawizi yake. Amembeba mtoto mgongoni. Anauza vizuri, na fedha anazifunga katika pindo la khanga.

Wiki chache zijazo kuna harusi ya binti ya dada yake. Mama huyu anataka mafuta mazuri ya kujipaka siku hiyo. Anaingia katika duka la vipodozi. Kijana wa dukani anamwonyesha kopo dogo ndani ya boksi la kung'aa.

"Mama, hii ni mpya, imetoka nje," anasema kijana. "Wiki mbili tu, uso utakuwa laini na mweupe. Dada zako hawatakujua!"

Juu ya boksi kuna picha ya mwanamke mweupe anayecheka. Maandishi ni madogo sana, na ni ya lugha ya kigeni. Bei yake ni karibu theluthi ya fedha zote za tangawizi.

Je, mama anunue? Picha haiwezi kumjibu, kwa sababu picha haionyeshi kilichomo ndani. Kijana naye pengine hajui. Yeye huuza alicholetewa. Kitu cha kumsaidia mama ni maandishi. Kabla hatujayasoma, kwanza tujue krimu ya namna hii hufanya kazi gani.

NGOZI NA RANGI YAKE

Ngozi hutengeneza rangi yake yenyewe. Rangi hiyo ina kazi. Ni kama paa la nyumba. Huzuia ukali wa jua usiunguze ngozi. Wewe unayelima Kihurio au Ndungu, au unayechunga mifugo katika tambarare ya Same, unalijua jua la huko. Rangi yako inakukinga kila siku bila malipo.

Krimu za kujichubua huizuia ngozi isitengeneze rangi yake. Ni sawa na mtu anayebomoa paa ili chumba kipate mwanga. Mwanga ataupata. Lakini jua likiwaka atajikinga na nini?

SUMU TATU ZA KUKUMBUKA

Vipodozi vya kujichubua vyaweza kuwa na vitu vingi vibaya. Hapa tutataja vitatu.

Cha kwanza ni zebaki. Hii ni metali ya majimaji, inayong'aa kama fedha. Wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu. Watengenezaji wengine hutia chumvi za zebaki katika sabuni na krimu. Zebaki hupita katika ngozi na kuingia katika damu. Huumiza mafigo na mishipa ya fahamu. Mwenye mimba huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Hata mtoto mchanga huweza kuipata kwa kugusa ngozi ya mama yake au taulo lake. Kwa hiyo anayejipaka zebaki hajipaki peke yake.

Jambo hili limeonekana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitoa taarifa juu ya watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa mafigo wenye kuvimbisha mwili. Madaktari waliwauliza wagonjwa wanatumia nini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Wengi walikuwa wanawake. Walitaka uzuri, wakapata uvimbe. Baadhi yao walipoacha krimu hizo walipata nafuu.

Cha pili ni haidrokwinoni. Hii hung'arisha ngozi mwanzoni, na mtumiaji hufurahi. Akiendelea kwa muda mrefu, huku akipigwa na jua, mambo hugeuka. Mabaka meusi, pengine ya rangi ya bluu au kijivu, hutokea mashavuni na kuzunguka macho. Mtu akiona mabaka huongeza krimu ili ayaondoe. Kumbe ndiyo inayoyaleta. Mabaka hayo ni magumu sana kutibu.

Cha tatu ni steroidi. Hizi ni dawa halali za hospitali. Daktari huwapa wagonjwa wa ngozi, kwa kipimo na kwa siku maalumu. Mtu akizipaka kila siku ili awe mweupe, ngozi huwa nyembamba. Chunusi hutoka. Michirizi huonekana mapajani na mikononi. Ngozi huchubuka upesi, na vidonda huchelewa kupona.

SHERIA ZIPO, LAKINI MACHO YAKO NDIYO MLINZI WA KWANZA

Vita dhidi ya krimu hizi si vipya. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, wigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Vijana, nayo ilianza Januari 1969. Sababu iliyotolewa wakati ule ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Watu walibishana sana. Wengine waliuliza kwa nini vijana wa kiume waje kuwapangia wanawake mavazi.

Siku hizi sababu kubwa ni afya. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha sheria ya chakula, dawa na vipodozi, na mamlaka iitwayo TFDA ikapewa kazi ya kukagua. Mwaka 2019 kazi ya vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Zebaki, haidrokwinoni na steroidi zimekatazwa katika vipodozi.

Dunia nzima pia imeamka. Mwaka 2013 nchi nyingi zilipatana juu ya mkataba wa kupunguza zebaki. Mkataba huo unaitwa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambako watu wengi waliugua na kufa kwa kula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Tanzania imeuridhia mkataba huo. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo mwaka 2025.

Hata hivyo krimu hizi bado huingia kwa njia za panya. Huuzwa madukani, saluni, mnadani na hata katika mfuko wa mchuuzi anayepita nyumba kwa nyumba. Mkaguzi hawezi kusimama katika kila duka na kila mnada. Lakini wewe, mnunuzi, upo. Nawe sasa unajua kusoma.

NAMNA YA KUSOMA KOPO

Shika kopo mkononi. Usione haya kuligeuza. Fedha ni zako. Fuata hatua hizi:

1. Tafuta jina la kitu na jina la aliyekitengeneza. Tafuta pia nchi kilikotoka. Kopo lisilo na mambo haya ni kama mgeni asiyetaka kusema kwao. Usimkaribishe.

2. Tafuta tarehe. Herufi MFG au MFD huonyesha siku ya kutengenezwa. Herufi EXP huonyesha mwisho wa kutumika. Kama tarehe imepita, au imekwanguliwa, rudisha kopo.

3. Tafuta picha ndogo ya kopo lililo wazi. Ndani yake kuna namba, kwa mfano 12M. Maana yake ni kwamba ukishafungua kopo litumie kwa miezi 12, kisha uliache.

4. Tafuta alama ya ubora ya TBS. Usipoiona, mwulize mwenye duka kama kitu hicho kimesajiliwa.

5. Soma orodha ya vitu vilivyomo. Huna haja ya kuijua lugha ya kigeni yote. Linganisha herufi tu. Andika majina haya katika daftari lako na uende nalo dukani:

HYDROQUINONE
MERCURY, MERCURIC, MERCUROUS, CALOMEL
CLOBETASOL
BETAMETHASONE

Ukiona jina lolote kati ya haya katika krimu ya urembo, usinunue.

6. Soma maonyo. Kopo likionya kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha, alumini au vito, shtuka. Onyo hilo ni dalili ya zebaki, kwa sababu zebaki hushambulia metali hizo. Kitu kinachoharibu pete yako, kitaiachaje ngozi yako?

Jambo moja zaidi. Watengenezaji wengine wadanganyifu hawaandiki sumu waliyotia. Kwa hiyo ahadi yenyewe ni alama. Ukiambiwa, "Utakuwa mweupe kwa wiki mbili," jua kuna kitu kikali ndani, hata kama hakikuandikwa.

JIHADHARI NA MKOROGO

Watu wengine huchanganya krimu mbili, tatu au zaidi katika kopo moja. Mchanganyiko huo huitwa mkorogo. Mkorogo hauna maandishi, hauna tarehe, wala hauna mwenyewe. Ukikudhuru, daktari hatajua aanzie wapi. Kitu kisichoweza kusomwa kisiingie mwilini mwako.

KIPYA CHAWEZA KUWA KIZURI

Tusiseme kwamba kila kitu kipya ni kibaya. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992. Hapo ndipo yalipoanza kutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Wao ngozi yao haina rangi ya kutosha, hivyo jua huwaunguza, na wengi hupata saratani ya ngozi. Mafuta ya namna hiyo huokoa maisha.

Tazama jambo hili. Mtu aliyezaliwa bila rangi ya kutosha hutafuta mafuta ya kumkinga na jua. Mwenye rangi yake naye hutoa fedha ili aiondoe. Nani kati yao amepata faida?

VITU VYA KUTOSHA NGOZI

Ngozi haitaki mambo mengi. Upepo mkavu wa Same hukausha ngozi, hivyo paka mafuta mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanafaa. Mafuta safi ya nazi yanafaa. Sabuni iwe ya kawaida. Juani vaa kofia pana au jifunike kwa mtandio.

Ukinunua kitu kigeni kwako, kijaribu kwanza. Paka kidogo sehemu ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko. Ngoja siku mbili. Pakiwasha au pakiwa pekundu, usiendelee.

KAMA UMESHAANZA KUTUMIA

Usijifiche, wala tusimcheke mwenzetu. Nenda zahanati au kituo cha afya, na uchukue kopo lako umwonyeshe mganga. Kama umetumia kwa muda mrefu, mganga akueleze namna ya kuacha. Steroidi zikikatwa ghafla, ngozi huweza kuwaka na kuvimba. Ukiona uso au miguu inavimba, wahi hospitali. Kopo lenye zebaki usilitupe mtoni wala shambani, na usilichome moto. Lifunge katika mfuko wa plastiki, kisha mwulize afisa afya alipeleke wapi.

MAMA ALIFANYA NINI?

Turudi kwa mama yetu. Alikaa kwenye benchi la dukani. Alitoa daftari lake la darasani. Akaanza kulinganisha herufi, moja moja. H, Y, D, R, O... Kijana alimtazama kwa mshangao. Mama alifika mwisho wa jina, akafunga boksi na kulirudisha.

"Mwanangu," alisema, "nipe mafuta ya mgando. Na wewe usijipake hii."

Alipanda gari la kurudi mlimani akiwa na mafuta, kitenge cha kuvaa harusini, na fedha zilizobaki. Mtoto alikuwa amelala, shavu lake limeegemea mgongo wa mama.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja sumu tatu tulizojifunza. Kila moja hudhuru vipi?
2. Leteni darasani makopo ya mafuta mnayotumia nyumbani. Someni tarehe na orodha ya vitu vilivyomo. Mmeona nini?
3. Kwa nini mkorogo ni hatari zaidi ya kopo lenye maandishi?
4. Binti yako akikuambia kwamba bila kujichubua hatapata mchumba, utamjibu nini?