Kiolezo Kimehama, Programu Imekwama

Programu ya kuchapisha ripoti za wanafunzi ilikuwa ikifanya kazi vyema hadi jana. Leo hakuna aliyeigusa, lakini ripoti inatoka tupu au skrini inaonyesha 404. Fundi hushika kupekua msimbo wake mstari kwa mstari, na kumbe kosa haliko huko. Programu iliandikwa ichukue kiolezo, yaani faili lenye umbo la ukurasa, kutoka anwani ya mtandaoni, na faili hilo limehamishwa.

Mfano ni GitHub. Tangu tarehe 1 Oktoba 2020, hazina mpya za msimbo huko huanza na tawi liitwalo "main" badala ya "master", na wenye hazina za zamani wengi nao wakabadilisha. Ukifungua ukurasa wa faili kwa anwani ya zamani, unaelekezwa penye jina jipya. Lakini anwani ya faili ghafi, inayoanza na raw.githubusercontent.com, ambayo ndiyo programu husoma, haielekezwi.

Basi fanya hivi. Kwanza, bandika anwani hiyo kwenye kivinjari. Ikitoa 404, tafuta faili lilipohamia na usahihishe anwani. Kazi itaendelea, lakini usiishie hapo, kwani likihama tena utarudi pale pale. Pakua nakala, hakikisha leseni yake inaruhusu, uiweke ndani ya folda ya programu isomwe kutoka hapo. Hata intaneti ikikatika, ripoti zitachapishwa.

Ikiwa ni lazima faili lisomwe mtandaoni, tumia anwani yenye namba ya toleo maalumu, si jina la tawi. Tena programu iangalie jibu kabla ya kulitumia: lisipokuwa 200, itumie nakala ya ndani na kumjulisha mwenyewe.

Na kuhama si hatari peke yake. Mwaka 2024 anwani ya polyfill.io ilipata mmiliki mpya, na kufikia Juni msimbo uliotoka hapo ukawa unawapeleka baadhi ya watu kwenye kurasa za kamari. Tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zikiutegemea. Anwani ilikuwa ile ile. Aliyebadilika ni mwenyewe. Hebu fikiria tovuti ya madrasa ikiwapeleka wazazi kwenye kamari, na mwalimu hana habari.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Vijana wetu mnaotengenezea maduka, shule na misikiti programu, kagueni leo ni mafaili mangapi mnayoazima.