Mzee Asemapo, "Nasahau"

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za kusahau uzeeni. Mara nyingi mzee husema, "Siku hizi nasahau sana," na watu wa nyumbani hucheka, au humjibu kwamba ndio uzee. Wengine husema amerogwa. Yote matatu hayamfai kitu.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa gramu 1,300 au 1,400 hivi. Ndani yake, kuume na kushoto, mna sehemu ndogo mbili zilizopindika mfano wa samaki aitwaye farasi wa bahari. Kazi yake ni kupokea habari mpya ili zikae katika kumbukumbu. Sehemu hizi hupungua kidogo kidogo kadiri mtu azeekavyo. Ndiyo sababu mzee huweza kueleza vizuri mambo ya ujana wake, lakini asikumbuke jina la mgeni wa jana. Hayo peke yake si maradhi.

Lakini maradhi yapo. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza madaktari wenziwe mjini Tübingen habari za mwanamke aliyepotewa na kumbukumbu. Alipokufa, daktari alitazama ubongo wake kwa hadubini, akaona umenywea, tena mna uchafu ulioganda baina ya chembe, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Maradhi hayo huitwa kwa jina la daktari huyo hata leo, na sasa yajulikana kwamba huweza kuanza ubongoni miaka 20 kabla ya jamaa kuona dalili.

Basi ni nani atakayeona kwanza? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 2014 wataalamu wa nchi mbalimbali walipatana jinsi ya kuchunguza hali ya mtu ahisiye kuwa kumbukumbu yake imepungua, ingawa akijaribiwa kwa maswali huonekana mzima. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba kwa baadhi ya watu hao mabadiliko yamekwisha kuanza. Lakini wengi wao hawapatwi na maradhi hayo. Kwa hiyo neno la mzee si hukumu, ni taarifa.

Tena ziko sababu nyingine zenye dawa: huzuni, kukosa usingizi, pombe, upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo, hata dawa anazokunywa. Naye mwenye masikio mazito hudhaniwa amesahau neno ambalo hakulisikia.

Mtu akisahau mahali alipoweka jembe, kisha akalikumbuka, si ajabu. Bali akilishika asijue kazi yake, au akipotea katika njia ya kisimani aliyoipita miaka 40, na apelekwe hospitali upesi. Na maradhi yakizidi, mara nyingi mgonjwa mwenyewe haoni tena kwamba anasahau. Hapo jamaa ndio watakaosema badala yake.

Kwa hiyo, mzee akilalamika, msikilizeni. Mwulizeni tangu lini, na katika mambo gani. Apimwe shinikizo la damu na masikio. Atembee, azungumze na watu, asiachwe peke yake. Mwenye kusikilizwa mapema hupata msaada angali aweza kujieleza.