Msako wa Ukingoni: Ziwa Chala na Mchezo wa Vikasha

Mtu atokaye Mkuu, mji wa makao makuu ya Wilaya ya Rombo, akaiacha nyuma migomba na mibuni ya vihamba, akateremka kusini-mashariki kuelekea mashamba ya mahindi ya ukanda wa chini, huona nchi ikibadili sura kadiri anavyoshuka: ubaridi wa mlima humtoka maungoni, vivuli huwa haba, migunga hushika mahali pa miti ya kupandwa, na vumbi humfuata kisiginoni. Hakuna kijito kinachomwashiria kuwa maji yako karibu. Hupanda kilima cha mawe na vichaka, kisha ardhi hukatika mbele ya miguu yake, na chini ya magenge yenye kimo cha meta mia moja hivi huliona Ziwa Chala ndani ya kasoko, pengine buluu, pengine kijani, kwa kadiri ya majira na mwanga. Eneo lake ni kilometa za mraba 4 na ushei, na kina chake takriban meta 90.

Mahali kama hapa hupendwa ghaya ya kupendwa na wafuasi wa mchezo mmoja ulioenea duniani katika robo karne hii, mchezo wa kusaka vikasha vilivyofichwa. Asili yake ni amri ya serikali. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, Marekani iliondoa kosa la makusudi ambalo lilikuwa likitiwa katika ishara za satelaiti za GPS kwa watumiaji raia, kosa lililoweza kumpoteza mtu kwa meta mia moja. Na siku ya pili yake Dave Ulmer, mtaalamu wa kompyuta, akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, ikiwa na daftari, penseli, vitabu, manati, kopo la maharage na vikorokoro vingine, kisha akatangaza tarakimu za latitudo na longitudo za mahali pale. Siku hazikupita nyingi ndoo ikapatikana. Sharti alilolitoa lingali ndilo sharti la mchezo hata leo: atwaaye kitu aache kitu, na aandike jina lake daftarini.

Hamu ya kuacha jina mahali pa taabu ni kongwe kuliko satelaiti. Mwaka 1854 James Perrott, aliyekuwa akiwaongoza wageni katika nyika za Dartmoor, Uingereza, aliacha chupa kwenye kinamasi cha Cranmere Pool ili wafikao watie humo kadi zao. Na hapa kwetu, juu ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, kwa miaka mingi palikuwa na sanduku lenye daftari, ambamo aliyefika meta 5,895, kichwa kikimgonga na vidole vikiwa vimekufa ganzi, aliandika jina lake kwa mwandiko ambao akiwa nyumbani pengine asingeutambua. Hans Meyer, aliyefika huko mwaka 1889, alichukua jiwe la kileleni, na nusu yake ikaishia kuwa pambo la ukuta katika jumba la kifalme la Potsdam. Kwa kanuni za wasakaji wa leo, huyo alitwaa kikubwa akaacha bendera tu.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe, maana wengi hudhani kwamba simu humshika mtu mkono ikampeleka mpaka kwenye kikasha. Ziwa Chala liko karibu na nyuzi 3 na dakika 19 kusini mwa Ikweta, na nyuzi 37 na dakika 42 mashariki. Dakika moja ya latitudo ni takriban kilometa 1.85, na wasakaji huigawa mara elfu, hata tarakimu ya mwisho ikawa na thamani isiyofika meta 2. Simu hupokea ishara za saa kutoka satelaiti zilizo juu kiasi cha kilometa 20,000, na kwa kupima jinsi kila ishara ilivyochelewa, ikazipata walau nne, hukadiria ilipo. Uwandani, chini ya mbingu wazi, makadirio hayo aghalabu hukosea kwa meta chache tu.

Gengeni mambo ni mengine. Jabali huziba nusu ya mbingu, na ishara nyingine hugonga ukuta wa mawe kwanza ndipo zikafika, zikiwa zimechelewa; simu, isiyojua lolote juu ya mawe, huhesabu uchelewaji ule kuwa ni umbali. Hivyo msakaji aliyesimama juu ya mwamba mkavu, mkono mmoja umeshika mzizi, hutazama kioo akajiona yumo ziwani, tena akienda huku na huku hali yeye hajaondoka. Hapo ndipo simu hutiwa mfukoni na macho yakashika kazi: jiwe lililokaa kinyume cha wenziwe, ufa uliozibwa na kijiti, majani makavu yaliyolundikwa pasipo na mti. Sehemu hii ndiyo niipendayo, kwa kuwa humlazimisha mtu kuusoma ukuta ambao angeupita tu.

Njia za kushuka majini ni za mteremko mkali, na kokoto zake huteleza hata wakati wa kiangazi. Asiyekuwa na mwenyeji asizijaribu. Kuoga vilevile si shauri jema, kwa maana mamba wamewahi kuua mtu katika maji hayo. Aidha, mpaka wa Tanzania na Kenya hupita ndani ya ziwa lenyewe, na mwenye shauku ya kulizunguka kasoko lote ukingoni atajikuta yuko Taveta pasipo pasi wala muhuri, na kwa kuwa Rombo ni nchi inayojulikana kwa magendo, mtu achutamaye maweni huku akipapasapapasa nyufa hatasadikiwa upesi akisema anatafuta daftari. Basi na aanze kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kanuni za mchezo nazo hutaka ruhusa ya mwenye ardhi, hukataza kuchimbia kikasha, na hukataza chakula ndani yake, kwani wanyama hunusa.

Iko namna nyingine ya mchezo huu isiyotaka kikasha, iliyoanza Australia Januari 2004 katika hifadhi ya pwani ya Murramarang: msakaji huongozwa hadi mahali penye ajabu ya ardhi, na badala ya kutia saini hujibu maswali ambayo majibu yake hupatikana kwa kutazama papo hapo. Kwa Chala naiona hii kuwa ndiyo stahiki. Hakuna mto uingiao humo wala utokao. Mvua inyeshayo misituni juu hunywewa na ardhi, husafiri chini kwa chini, na sehemu kubwa ya maji ya ziwa hutoka huko. Na sakafuni, kila mwaka, hulala utando mweupe wa viumbe wadogo wa majini wanaositawi wakati wa pepo za kiangazi, kisha mweusi wa majira ya mvua. Mwaka 2016 wataalamu walitoboa matope hayo kwa kina kinachozidi meta 200, wakapata kumbukumbu ya hali ya hewa ya miaka ipatayo 250,000.

Swali la kwanza ningeliweka juu ukingoni, kabla ya mtu kuteremka: mto uko wapi? Na la pili kando ya maji, penye samaki aina ya perege asiyepatikana kwa asili penginepo ulimwenguni: aliingiaje?